Mabati ya Asilimia Mia

Kwa miaka kumi na minne mtabiri wa hali ya hewa hakuwahi kusema uongo, na ndiyo sababu mji mzima ulimwita mwongo.

Alikuwa mwanamke mnyoofu kupita kiasi, wa aina ile ambayo ukimuuliza kama amekula atakwambia amekula nini, saa ngapi, na kwamba chumvi ilizidi. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba cha ghorofa ya pili cha kituo cha hali ya hewa cha kanda, kusoma ramani na vipimo, kisha kuandika taarifa ya aya nne ambayo ingesomwa redioni saa moja jioni. Na kwa kuwa hakupenda kuahidi asichokijua, kila kitu alikipa asilimia. Mvua, asilimia arobaini. Upepo mkali, asilimia ishirini. Jua, asilimia sabini, na zile thelathini zilizobaki akaziweka pembeni kama akiba, asije akaambiwa kesho kwamba hakusema.

Watu wakambandika jina la Mama Asilimia. Mwaka juzi alisema kuna asilimia sabini za mvua kubwa siku ya Jumamosi. Fainali ya mpira ikaahirishwa, harusi mbili zikahamishwa kutoka uwanjani hadi kwenye ukumbi mdogo ambamo wageni walikula wakiwa wamekunja viwiko, na Jumamosi yenyewe jua likawaka hadi lami ikanata kwenye soli za viatu. Jumatatu alipopita sokoni, muuza nyanya alimwita kwa upole.

"Mama, mwavuli wangu unakusalimu."

Akajaribu kumweleza kwamba thelathini nazo ni sehemu ya mia, na kwamba aliyeambiwa sabini hajaambiwa mia. Muuza nyanya akasikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake. "Mwongo akiishiwa maneno," akasema, "hukimbilia hesabu."

Lakini wa sokoni walikuwa na nafuu. Aliyemchoma zaidi alikuwa kaka yake wa tumbo moja, fundi redio wa mtaa wa bondeni. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele cha nyumba yake, hatua mia mbili kutoka mtoni, na ilijaa redio za watu mpaka juu ya kabati. Kila saa moja jioni aliziwasha zote zilizopona ili azijaribu, kwa hiyo taarifa ya dada yake ilimfikia kwa sauti kumi na tano kwa mpigo. Hakuamini hata moja. "Redio zote ni nzima," angemwambia mkewe, aliyekuwa na cherehani yake chumba cha pili. "Kilichoharibika ni habari."

Basi Jumatatu moja katikati ya masika, mtabiri alifungua ramani za asubuhi akaziangalia, akaenda kunawa uso, akarudi akaziangalia tena. Mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka kwa namna ambayo hakuwahi kuiona akiwa kazini. Alipiga hesabu mara tatu. Kisha akaandika: kuanzia Alhamisi mchana, mvua kubwa ya milimita mia moja na ishirini ndani ya saa ishirini na nne, upepo mkali unaoweza kuezua paa, hatari ya mafuriko katika maeneo yote ya kando ya mto, wakazi wa bondeni wahame kwa muda. Asilimia tisini.

Ile tisini aliiandika polepole. Hakuwa amewahi kupita themanini.

Mkuu wa kituo, mwanamume nadhifu aliyekuwa na kitambaa maalumu cha kufutia viatu kwenye droo ya meza, aliisoma taarifa ile akiwa amesimama. Alipofika mwisho akakaa.

"Mama, Alhamisi kuna nini?"

"Kuna mvua, Mkuu."

"Alhamisi kuna mgeni rasmi. Saa saba mchana anafungua daraja jipya la waenda kwa miguu. Lipo wapi hilo daraja?"

"Bondeni."

"Bondeni. Sasa mgeni anakuja kufungua daraja, na ofisi yangu inamwambia mwenye daraja ahame." Akachukua kalamu nyekundu. Alikuwa mtu wa adabu, akawa anamsomea kila alichobadilisha ili asionekane anafanya mambo kisirisiri. Mvua kubwa ikawa mvua za kuridhisha. Upepo unaoweza kuezua paa ukawa upepo wa wastani wenye kuburudisha. Hatari ya mafuriko alihangaika nayo kidogo, akatafuna mfuniko wa kalamu, mwishowe akaandika kwamba baadhi ya maeneo yatapata unyevunyevu. Wakazi wa kuhama aliwakata kabisa. Asilimia tisini akaiacha, kwa kuwa, alisema, yeye hachezei takwimu za kitaalamu.

Hivyo jioni ile mtangazaji mwenye sauti ya asali aliuahidi mji unyevunyevu kwa asilimia tisini. Kaka mtu alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

Jumanne alasiri simu ya mezani ililia kituoni. Mkuu alikuwa ameenda kukagua turubai la sherehe, kwa hiyo mtabiri akapokea mwenyewe. Aliyepiga alijitambulisha kuwa msaidizi wa mgeni rasmi, na aliongea taratibu kama mtu aliye hospitalini.

"Samahani mama, tunaomba utabiri wa Alhamisi. Ule wenyewe, siyo huu wa redioni."

Akamsomea. Upande wa pili ikasikika karatasi ikiandikwa.

"Tisini?"

"Tisini."

"Nashukuru sana, mama. Mheshimiwa alikuwa anaanza kusikia homa tangu asubuhi. Nadhani kufikia Alhamisi itakuwa imempanda. Lakini tafadhali hilo libaki kati yetu, tusiwavuruge wenyeji na maandalizi yao."

Alikata simu kwa shukrani nyingi. Mtabiri alibaki ameshika mkono wa simu. Mtu wa kwanza katika miaka kumi na minne kuuamini utabiri wake alikuwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa na ghorofa mbili, juu ya mlima, umbali wa saa nne kwa gari.

Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi ya Jumatano akaomba ruhusa ya kwenda zahanati, na kwa kweli alipita zahanati kupimwa shinikizo la damu ili maneno yake yasiwe ya uongo, kisha akashuka bondeni.

Alianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akamkuta akisimamia watu wanaopaka rangi nguzo za daraja. Mwenyekiti alimsikiliza huku akionyesha kwa kidole mahali palipobaki bila rangi. "Mama, taarifa yako nimeisikia mwenyewe kwa masikio yangu mawili. Unyevunyevu. Tumejiandaa, tumenunua rangi ya mafuta." Akaenda kwa kaka yake, akamkuta ameinama juu ya redio iliyofunguliwa tumbo.

"Kaka, hameni kesho. Hata siku mbili tu. Mje kwangu."

"Kwa asilimia ngapi?"

"Tisini."

"Basi zile kumi zinanitosha," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi sina familia kubwa."

Akaingia chumba cha pili kwa wifi yake. Kulikuwa na wanawake sita saba humo, wengine wakisubiri nguo na wengine wakisubiri maongezi. Wifi alimpisha kiti. Mtabiri akaeleza tena, mara hii bila milimita na bila asilimia, kwa maneno ya kawaida: maji yatapanda, yataingia ndani, mapaa yatang'oka. Wakamsikiliza kwa heshima aliyostahili wifi wa mwenye nyumba. Mmoja akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikia mgonjwa akiweweseka.

"Sasa mama," akauliza mama mmoja mnene aliyekuwa akishonewa sare za kwaya, "hata tukisema tunaondoka, tutaenda wapi?"

"Juu, shuleni. Watoto wako likizo, madarasa yako wazi."

"Tukafanye nini shuleni, watu wazima?"

Mtabiri alifungua mdomo amjibu kwamba wakaokoe roho zao. Aliona macho ya wanawake wale tayari yakirudi kwenye vitambaa. Na mdomo wake, ambao haukuwahi kumsaliti, ukasema:

"Mkaandikishwe mabati."

Cherehani ikanyamaza.

"Mabati gani?"

"Mabati. Ya kuezekea." Maneno yalikuwa yakitoka yamepangika, moja likimshika mwenzake mkono. "Kesho saa nne asubuhi. Kila kaya ifike yote, wazee, watoto, wagonjwa, maana wanahesabu vichwa. Asiyeonekana kwa macho haandikwi. Na vitu vya thamani mje navyo, vinaandikwa pia."

"Una hakika na hilo, mama?"

"Asilimia mia."

Wanawake wakatazamana. Katika historia ya mji ule hakuna aliyewahi kumsikia akifika mia. Yule wa sare za kwaya akasimama hivyo hivyo, na pini mgongoni, akatoka. Mtabiri mwenyewe alipoaga na kufika mwisho wa mtaa, habari ilikuwa imeshampita; mzee mmoja asiyemfahamu alimsimamisha kumnong'oneza, kama siri ya kumsaidia, kwamba kesho shuleni kuna mabati, na kwamba mwenye bahati atapata na misumari.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu na aliyekusudia kuumaliza bila tukio lolote. Alhamisi saa mbili asubuhi mtabiri alimgongea mlango akamwambia ukweli wote, uongo wake ukiwemo. Mwalimu mkuu alitoka nje uwanjani akatazama upande wa milima, ambako anga ilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu, akarudi na bunda la funguo.

"Mimi sijasikia kitu," alisema. "Nimekuazima madarasa ya kufagiliwa. Na daftari hili, ukurasa wa kwanza umechanika, utaniwia radhi."

Kufikia saa nne walikuwa wamejaa. Walikuja na magodoro, masanduku, cherehani, kuku ndani ya vikapu, bibi kizee mmoja aliyebebwa kwenye kiti na wajukuu wake wanne. Familia moja ilikuja na mlango wa nyumba, wakieleza kwamba ndicho kitu chao cha thamani. Mtabiri akakaa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakigusa mbao, akaandika juu ya ukurasa: UANDIKISHAJI WA MABATI. Alikusudia kuandika kwa uvivu, kupitisha muda tu. Hakuweza. Mkono wake haukujua kazi ya ovyo. Alichora safu kwa rula: jina, idadi ya watu, wagonjwa, hali ya paa, umbali kutoka mtoni. Kila mtu aliyejibu kwa furaha, "Paa linavuja, mama, andika linavuja sana," alimchoma kama sindano. Alikuwa akiwatazama usoni na kuwadanganya, na walikuwa wakimshukuru.

Wifi alifika katikati ya foleni na cherehani yake juu ya toroli.

"Kaka yuko wapi?" mtabiri akauliza.

"Amebaki. Anasema serikali ikimpa bati atalila mbele yangu."

Pembeni ya jina la wifi, mtabiri akaandika kilichokuwa kweli: mume, amekataa kuja.

Saa sita na dakika kumi tone la kwanza lilipiga bati la darasa. Likafuatwa na mengine machache, makubwa, yaliyoachana. Halafu ilikuwa kana kwamba mtu amemimina kokoto. Watu wakacheka, wakasogeana ndani, wakasema afadhali wako huku kuliko njiani. Saa nane foleni ilipokwisha, mtabiri alifunga daftari, akamkabidhi mwalimu mkuu, akavaa koti lake la mvua la kituo na kushuka ngazi za mawe.

Darajani aliikuta sherehe. Mkuu wa kituo, mwenyekiti wa mtaa na watu wengine wanane walikuwa wamesimama kwenye mstari chini ya turubai, wamevaa suti, mmoja ameshika shada la maua ambalo lilikuwa limeanza kuinamisha vichwa. Utepe mwekundu ulifungwa kati ya nguzo mbili. Chini yake maji yalikuwa ya kahawia na yalishakuwa na haraka.

"Mama, vipi zahanati?" mkuu akauliza kwa sauti ya kushinda mvua.

"Mkuu, mgeni haji. Ondokeni hapa."

"Amechelewa kidogo tu. Kunanyesha kwa kuridhisha."

Alitaka kumwambia habari ya simu, lakini upepo ulifika kabla yake. Uliingia chini ya turubai, ukalijaza, ukalinyanyua na vigingi vyake vyote, ukalipeleka juu ya mto taratibu, kama nguo iliyoanuliwa. Wanaume kumi wenye suti wakabaki wamelitazama.

Hakungoja kuona watafanya nini. Alikimbilia kwa kaka yake. Maji yalikuwa tayari kwenye kizingiti, na kaka mtu alikuwa akipandisha redio za rafu ya chini kwenye rafu ya kati, kwa utulivu wa mtu aliyeona masika mengi.

"Umekuja kuniandikisha?" alimuuliza.

"Hakuna mabati, kaka."

"Najua hakuna mabati. Tangu lini kukawa na mabati? Nilimwambia wifi yako, usinitajie hata jina la aliyewaletea habari hiyo, ni tapeli, na kwanza..." Akakoma. Akaweka redio chini. "Nani aliyewaambia?"

"Mimi."

"Wewe ulidanganywa na nani?"

"Sikudanganywa. Niliitunga mwenyewe, pale chumbani kwa wifi. Niliwadanganya wote."

Kaka yake alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu wawe watu wazima alimtazama bila mzaha. Alikuwa akimjua. Huyu ndiye aliyewahi kujichongea kwa mama yao kwa kosa ambalo mama alikuwa ameshalisahau. Huyu ndiye aliyeulizwa na wazee wa posa ya kwanza kama anajua kupika, akajibu kwamba anajua vitu vitatu, na kimoja hana uhakika nacho. Posa ikaenda kwa jirani.

"Wewe," alisema taratibu. "Wewe umedanganya mtaa mzima."

"Watu mia tatu na kumi na wawili."

"Basi mambo ni mabaya," akasema, na papo hapo akaanza kuzirundika redio ndani ya shuka.

Walipanda ngazi za mawe wakiwa wamebeba redio kumi na tano na mashine ya kuchomelea waya, upepo ukiwasukuma ubavuni hata ikabidi mara mbili wakae chini na kukumbatia ngazi. Pale walipopumzika mara ya pili, kaka yake alimpangusa maji usoni kwa kiganja, kama alivyokuwa akimfanyia walipokuwa wadogo. Walipofika juu na kugeuka, mto ulikuwa umehama njia yake. Ilikuwa saa kumi jioni, mwanga ungalipo, kwa hiyo kila aliyekuwa shuleni aliona: maji yakiingia mtaani kwa upana wa mtaa mzima, paa la kwanza likifunguka kama kifuniko cha kopo, kisha la pili, kisha watu wakaacha kuhesabu. Daraja jipya lilisimama kwa muda mrefu kuliko wengi walivyodhani. Lilipoondoka, liliondoka zima.

Hakuna aliyelia kwa sauti. Mama wa sare za kwaya aliita majina ya watoto wake mmoja mmoja ingawa wote walikuwa wamemshika nguo.

Baadaye kidogo mlango wa darasa ulifunguliwa akaingia mkuu wa kituo, viatu mkononi, akifuatwa na kamati yake ya mapokezi. Hakuna aliyekosekana, yule mwenye maua bado alikuwa nayo. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango akawaonyesha ukutani.

"Foleni ya mabati inaanzia kule," alisema. "Ila naona mmechelewa."

"Mabati gani?" akauliza mkuu.

Hivyo ndivyo alivyoijua habari ya mabati.

Maji yalikaa siku mbili. Nyumba sitini na moja ziliingiliwa na maji, ishirini na tisa hazikubaki na paa, na kwa upande wa watu hakupotea hata mmoja, jambo ambalo magazeti yaliliita muujiza, kwa kuwa hayakupata neno jingine. Jumamosi jioni mkuu alizungumza redioni kwa sauti iliyopwaya kwa mafua. Alisema kituo chake kiliyaona haya mapema, na ili kuthibitisha akasoma taarifa ya Jumatatu kama ilivyoandikwa mara ya kwanza, milimita, upepo, mafuriko, wakazi wahame, kila neno alilokuwa amelikata kwa wino mwekundu. Aliisoma vizuri. Pongezi zilikuja kutoka makao makuu, kwenye fremu yenye kioo, zikatundikwa ofisini kwake.

Barua ya mtabiri ilikuja siku hiyo hiyo na tarishi huyo huyo. Haikuwa na fremu. Ilisema kwamba yeye, akiwa mtumishi wa umma, alitoa kwa wananchi taarifa ya uongo kuhusu mabati, na kwamba hili ni onyo la kwanza na la mwisho. Aliisoma mara mbili kutafuta kosa, akakuta kila sentensi ni ya kweli, akasaini.

Lililomtesa halikuwa barua. Lilikuwa ni watu wa bondeni, waliokuwa bado wamelala madarasani, na ambao sasa walihitaji mabati kwa dhati. Walimjia kwa makundi. Hawakumfokea, walimuuliza tu yatafika lini, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku ya nne aliita watu wote uwanjani na kukiri. Aliwaambia hakuna mabati, hayakuwahi kuwapo, aliwadanganya ili wapande mlimani, na anaomba radhi.

Mama wa sare za kwaya akasema kwa masikitiko, "Mnaona wanavyowatisha wafanyakazi wa chini? Wameshayala mabati yetu, sasa wanamlazimisha huyu maskini ajitwishe lawama."

Watu wote wakakubaliana naye. Wengine wakamshika mkono na kumpa pole.

Wiki iliyofuata akafika afisa wa misaada kutoka ngazi za juu, mtu mwenye macho mekundu ya safari na begi lisilofungika. Alimkuta mtabiri ofisini, akaweka mezani daftari la mwalimu mkuu.

"Mama, nimeambiwa orodha hii ya waathirika ni mwandiko wako. Iliandikwa lini?"

"Alhamisi asubuhi."

"Na mafuriko?"

"Alhamisi jioni."

Afisa akavua miwani. "Kwa hiyo waliandikishwa kabla ya kuathirika."

"Ndiyo." Akavuta pumzi ili amweleze yote, lakini afisa alimwinulia kiganja.

"Usinieleze. Miaka ishirini natembea kutoka kwenye maafa haya kwenda yale. Orodha hunifikia miezi mitatu baadaye, na marehemu waliomo ni wengi kuliko walio hai. Hii ina watu wa kweli, ina wagonjwa, ina hata hali ya paa. Sijawahi kuona kitu kama hiki." Akapekua kurasa, akasimama kwenye moja. "Hapa kwa fundi cherehani, mume, 'amekataa kuja'. Huyu yu hai?"

"Yu hai. Ni kaka yangu."

"Lakini hakuandikishwa."

"Hapana."

"Basi asiguswe, tusije tukaharibu orodha." Akarudi kwenye ukurasa wa mwanzo. Alikuwa amekuja na mpango wa kuleta blanketi, kwa sababu bohari yake ilikuwa na blanketi. Alisoma kile kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula, UANDIKISHAJI WA MABATI, akakuna shingo. "Maombi ni ya mabati. Siwezi kupeleka blanketi kwa orodha ya mabati, wakaguzi watanimaliza."

Malori mawili yalifika baada ya siku tisa. Mabati hayakutosha kila paa, na misumari ilisahaulika, ikabidi watu wachange, lakini yalikuwa mabati, yanayong'aa, yenye mhuri. Bondeni hawakushangaa hata kidogo. Waliambiana kwamba yule mama aliwaambia tangu mwanzo. Juu ya mvua, ambayo aliitabiri kwa usahihi wa saa moja, hakuna aliyemtaja; hiyo waliiona kuwa ni unyevunyevu uliozidi, na kila mtu hukosea.

Wifi alipokea mabati kumi na mawili kwa jina lake, akaajiri fundi wa kuezeka, na jioni akamruhusu mumewe aingie. Kwa wiki kadhaa hakuna mgogoro uliozuka nyumbani humo ambao haukumalizika kwa wifi kutazama juu, kimya, kwenye dari.

Karakana ilichelewa kupona. Ukuta wake wa mtoni uliondoka na benchi la kazi likaenda nao, na redio zile kumi na tano, baada ya kuokolewa, zilirudishwa kwa wenyewe. Kaka mtu akakaa wiki moja bila shughuli, jambo lililomfanya awe mzito nyumbani. Kule kituoni, upepo ulikuwa umevunja mlingoti wa mitambo na kuharibu kisambaza mawimbi kilicholeta vipimo kutoka nje hadi ofisini. Fundi wa makao makuu angefika baada ya miezi miwili. Mtabiri alimwendea mkuu, mkuu akasaini kibarua cha muda bila kuuliza jina la ukoo.

Kaka yake alikitengeneza kifaa kile kwa siku tatu. Siku ya nne hakuwa na kazi tena, lakini saa tatu asubuhi alikuja, akasema anataka kuhakikisha kama mawimbi hayakatiki. Mtabiri alikuwa akitoka kwenda kusoma kipimamvua kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi kulinganisha. Akamfuata hadi kwenye nyasi nyuma ya jengo.

"Kumbe ni hiki?" akauliza. "Hiki ni kikopo."

"Ni kikopo chenye mistari."

Alichuchumaa akakiangalia kutoka kila upande, mtu aliyezoea kufungua vitu. Jana yake usiku kulikuwa na manyunyu. Dada yake akampa kalamu na karatasi ya vipimo, akamwonyesha usawa wa jicho unavyotakiwa kuwa. Akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Iko kati ya nne na tano," alisema. "Zaidi karibu na nne. Niandike ngapi?"

"Unaonaje?"

"Nne na kidogo."

"Kidogo ngapi?"

Akafumba jicho tena. Dada yake alimngoja, jua la asubuhi likiwapiga mgongoni wote wawili, na ghorofani simu ikaanza kuita bila mtu wa kuipokea.

"Nne na pointi mbili," akasema mwishowe, akaandika, akarudia kuangalia, akafuta, akaandika nne na pointi tatu.